Jiji lisilo na diwani

Wadau, vikao vya madiwani ninavyovihudhuria ni usingizi mtupu: muhtasari, taka, ushuru wa soko, mitaro, posho. Lakini kuna miaka Dar haikuwa hata na hicho kikao.

1972 serikali ya Mwalimu ilileta Madaraka Mikoani. Jina tamu! Halmashauri za wilaya zikafutwa, za miji zikafuata. Kazi za jiji zikaangukia kwa maofisa wa mkoa, ambao macho yao yalielekezwa vijijini. Mitaro ikaziba, taka zikarundikana, na kipindupindu nacho kikapiga hodi miaka hiyohiyo. 1978 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha halmashauri za miji.

Mambo hayakutengemaa. 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, ikaja Tume ya Charles Keenja hadi 2000. Watu bado wanasifia barabara na usafi wa enzi zake, nami sibishi. Ila Keenja hakupigiwa kura na mtu, na ukikerwa na ushuru hukuwa na diwani wa kumfuata. Baada yake zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke.

Februari 2021 jiji likavunjwa mara nyingine. Safari hii Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa jiji.