Boma la Msiri: ngome ya miti iliyotawala Katanga

Ngome ya Fougères, kule Bretagne nchini Ufaransa, ilianza ikiwa ya miti. Mwaka 1166 Henry wa Pili, mfalme wa Uingereza, aliibomoa. Bwana wa pale, Raoul wa Pili, akaijenga upya kwa mawe, na mpaka leo watalii wanapiga picha minara yake 13. Bunkeya, mji wa Msiri, haikupata nafasi hiyo ya pili. Makao yaliyotawala Katanga kabla Lubumbashi haijazaliwa yalizungushiwa magogo, na magogo huoza.

Bunkeya iko kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, safari ya zaidi ya kilomita 200, siku hizi ndani ya jimbo la Lualaba. Aliyeikuza alikuwa mgeni: Ngelengwa, mwana wa Kalasa, Msumbwa kutoka magharibi mwa Tabora. Baba yake alikuwa akija Katanga kutafuta shaba. Mwana alifuata njia ileile katika miaka ya 1850, akabaki. Alikuwa na bunduki, na wenyeji waliokuwa wakisumbuliwa na Baluba walizihitaji. Mgeni akawa mwenyeji, mwenyeji akawa mwami, yaani mtawala. Jina lake sasa likawa Msiri, na watu wake wakaitwa Bayeke. Pembe, shaba, chumvi na watumwa walitoka kwake kwa njia mbili, mashariki kuelekea pwani ya Zanzibar na magharibi kupitia Bihe hadi Benguela, katika Angola ya leo. Bunduki, baruti na nguo vikarudi kwa njia hizohizo.

Aina ya boma walilolijua Bayeke walitoka nalo kwao, Unyamwezi. Toka huko hadi Katanga kazi ilikuwa moja: unachimba mtaro, unasimamisha magogo yakiwa yamebanana, unayafunga kwa kamba za magome, kisha unashindilia udongo. Lango linakuwa jembamba, la kupita watu wachache kwa wakati mmoja. Miti mingine ilichipua majani, ukuta ukawa kichaka hai. Si kazi ya kubeza. Kwa vita vya mishale na magobori, ukuta wa namna hiyo ulitosha kabisa, na ulijengwa kwa kilichokuwapo karibu.

Lakini Bunkeya haikuwa ukuta mmoja. Ilikuwa vijiji vingi vilivyotapakaa uwandani chini ya vilima, na wake wengi wa Msiri walikuwa na makazi yao na watu wao. Mmoja wao, Maria da Fonseca, alikuwa chotara wa Kireno. Ndoa zilikuwa mikataba: kila mke alimfunga mwami na ukoo au njia fulani ya biashara. Frederick Stanley Arnot, mmisionari Mskoti aliyefika Februari 1886, alikaa miaka miwili akiyaona hayo kwa macho yake.

Wazungu waliofuata waliandika zaidi juu ya mafuvu ya watu yaliyotundikwa kwenye miti ya boma. Yalikuwapo kweli, na Msiri hakuwa mtawala mpole. Ila London nayo, kwa karne kadhaa, ilichomeka vichwa vya wahaini darajani, na hakuna aliyesema mji ule unastahili kunyang'anywa wenyewe. Habari za mafuvu zilimfaa sana Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliyekuwa akiwania Katanga dhidi ya Waingereza wa Cecil Rhodes.

Boma lenyewe halikuvunjwa na mzinga. Lilianza kulegea mwaka 1891 Basanga, wenyeji waliokuwa chini ya Msiri, walipoasi. Njia zikafungwa, baruti ikapungua, njaa ikaingia. Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Halifax nchini Kanada aliyetumwa na Leopold, alipofika tarehe 14 Desemba, alikuta mji uliokwisha kuchoka. Askari na wapagazi wake wengi waliajiriwa Zanzibar, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichosikika kambini mwake. Tarehe 19 akapandisha bendera ya Leopold juu ya kilima bila idhini ya mwami.

Usiku huo Msiri aliondoka akaenda Munema, kijiji jirani chenye boma lake. Kesho yake Stairs alimtuma Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, pamoja na Markizi Christian de Bonchamps na watu wapatao mia moja wakamkamate. Bodson akaingia langoni na wachache; Bonchamps akabaki nje. Maneno yakapanda, na Bodson akampiga mwami risasi za bastola. Masuka, mtu wa Msiri, akampiga Bodson tumboni, naye akafa siku hiyohiyo. Watu wa Stairs wakakikata kichwa cha Msiri na kukitundika juu ya mti wa boma: desturi ileile waliyoilaani.

Stairs akamweka Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, mahali pa baba yake. Mwami huyo mpya na watu wake wakahamishiwa upande wa mto Lufira, karibu na vituo vya serikali. Alifariki mwaka 1910, mwaka uleule Wabelgiji walipoanzisha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Bayeke walirudi Bunkeya mwaka 1911, na ukoo haukukatika: Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, alitoka humo, na baadaye akawa mwami hadi kifo chake mwaka 1992.

Kwa mkazi wa Lubumbashi anayetaka kupaona mahali penyewe, siku nzuri ya kwenda ni tarehe 20 Desemba, ambapo kila mwaka Bayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri.