Kamba Ilikuwepo, Pa Kuifunga Hapakuwepo

Kifaa chenyewe hakina makuu. Ni upau mfupi wa chuma au alumini, uzito wake takriban kilo 2, wenye kulabu mbili zinazotazamana na pete moja katikati. Fundi huziweka kulabu hizo pande mbili za boriti ya chuma, huzisogeza mpaka zikumbatie kingo zake, hufunga pini, kisha huifunga kamba ya hanesi yake, yaani mikanda aliyovaa mwilini, kwenye pete. Akitembea juu ya boriti, kifaa kinateleza pamoja naye. Akianguka, kulabu zinabana kingo na yeye anabaki akining'inia.

Hakuna sehemu ya kishikizo hiki ambayo mhunzi hodari wa mwaka 1900 angeshindwa kuifua. Hata hivyo, mafundi waliosimamisha maghorofa ya Chicago na New York walitembea juu ya boriti kwa miongo mingi bila kufungwa popote. Sababu haikuwa ufundi wa kulabu. Kulikuwa na mambo matatu ambayo yalichelewa kukutana: boriti yenye umbo la kushikika, mkanda ambao mwili unaweza kuustahimili, na sheria ya kumlazimisha mwenye mradi kukubali kazi ipungue kasi kidogo.

Jengo lisilo na ukuta

Mwaka 1885 mjini Chicago lilikamilika jengo la Home Insurance, la ghorofa 10, lililobuniwa na mhandisi William Le Baron Jenney. Kabla ya hapo jengo refu lilibebwa na kuta zake, na mwashi alipanda taratibu pamoja na ukuta, akisimama kwenye jukwaa la mbao. Jenney aliihamishia fremu ya chuma sehemu kubwa ya mzigo huo. Majengo yaliyofuata yaliliendeleza wazo lake, na kwa njia hiyo ikazaliwa kazi mpya: fundi anayetangulia mbele ya jengo, anayefika mahali ambapo bado hapana sakafu, ukuta wala jukwaa.

Mwaka huohuo wa 1885 jimbo la New York lilitunga sheria ya kuwabana waliowapa wafanyakazi majukwaa mabovu. Ilikuwa hatua kubwa kwa wapaka rangi na waashi. Fundi wa boriti, ambaye hakuwa na jukwaa lolote, zuri wala bovu, hakufaidika nayo sana.

Mafundi hao waliunda chama chao mwaka 1896 huko Pittsburgh. Miongoni mwa waliojipatia sifa katika kazi hiyo ni Wamohawk wa Kahnawake, kijiji kilicho kando ya mto St. Lawrence nchini Kanada, ambao waliingia kwenye kazi za chuma mwaka 1886 daraja la reli lilipojengwa karibu na kwao. Watu wakazusha kwamba Wamohawk hawana hofu ya kimo. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec liliporomoka likiwa bado linajengwa, likaua wafanyakazi 75, na 33 kati yao walitoka Kahnawake. Sifa ya kutoogopa haikumkinga mtu, na tangu hapo fundi wa chuma alikuwa na sababu ya kuuliza: nikijifunga kwenye chuma kisha chuma chenyewe kikaanguka, itakuwaje?

Boriti yapata kingo pana

Boriti nyingi za karne ya 19 zilikuwa na mabapa membamba ambayo upande wa ndani yalikuwa na mwinamo, au ziliundwa kwa vipande vingi vilivyounganishwa kwa ribiti. Kulabu ya kuteleza ingekwama kwenye vichwa vya ribiti au ingekosa pa kushika vizuri. Mwaka 1897 mhandisi Henry Grey alibuni kinu cha kusukuma boriti nzima kwa mara moja, zenye mabapa mapana yaliyonyooka. Kinu hicho kilianza kazi Differdange, Luxembourg, mwaka 1901, na mwaka 1908 teknolojia hiyo ikafika kwenye viwanda vya chuma vya Bethlehem, Pennsylvania.

Boriti hiyo ya umbo la H ndiyo iliyowezesha maghorofa ya miaka ya 1920 na 1930 kupaa. Bila mtu kukusudia, ilimpa pia fundi kitu kama reli: kingo mbili zilizonyooka, zinazokwenda kutoka nguzo moja hadi nyingine. Lakini wakati huo hakuna aliyezitazama kwa jicho hilo. Jengo la Empire State lilianza Machi 1930 na kufunguliwa tarehe 1 Mei 1931, fremu yake ikipanda wastani wa ghorofa nne na nusu kwa wiki. Picha za mpiga picha Lewis Hine zinawaonyesha mafundi wakiwa juu ya New York, mikono mitupu. Idadi rasmi ya waliokufa katika mradi huo ni 5, na wengi wakati huo waliiona kuwa ndogo.

Wavu wa Golden Gate

Wajenzi wa madaraja wa Marekani walikuwa na hesabu yao ya kutisha: kila dola milioni moja inayotumika, tegemea maiti mmoja. Kwa hesabu hiyo, daraja la Golden Gate mjini San Francisco, la dola milioni 35, lingeua watu 35. Waswahili tuna msemo kwamba ajali haina kinga, na mahesabu hayo yalikuwa msemo huo huo uliovaa suti.

Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, hakuukubali. Kazi ilipoanza Januari 1933 aliwataka mafundi wavae kofia ngumu, na baadaye ukatandikwa wavu mkubwa wa kamba chini ya daraja, uliotokeza mita 3 kila upande. Uligharimu zaidi ya dola 130,000. Watu 19 walianguka wakadakwa na wavu huo, na walionusurika wakajiita klabu ya walioishia nusu ya njia ya kwenda kuzimu.

Kwa karibu miaka minne mradi ulikuwa umepoteza mtu mmoja tu. Kisha, tarehe 17 Februari 1937, jukwaa la kazi lenye uzito wa tani kadhaa lilichomoka, likauchana wavu na kuondoka nao. Watu 12 walikwenda majini, na 10 wakafa. Daraja lilifunguliwa Mei mwaka huo likiwa limeua 11.

Golden Gate lilithibitisha kwamba kuanguka hakulazimu kufa, na kwamba kinga inaweza kununuliwa kwa fedha kama saruji na chuma. Lakini wavu mmoja kwa watu wote una udhaifu wake: ukipasuka, umepasuka kwa wote. Isitoshe, kwenye jengo linalopanda ghorofa baada ya ghorofa, wavu lazima uhamishwe kila mara.

Mkanda wa kiunoni

Njia nyingine ilikuwa kumfunga kila mtu peke yake. Mafundi wa nguzo za simu na umeme walikuwa na mikanda ya kiunoni tangu zamani, lakini mikanda ile iliundwa ili mtu aegemee nguzo na kuachia mikono ifanye kazi. Haikuundwa kumdaka anayeanguka.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu akianguka mita 1.8 hutumia sekunde 0.6 tu, na mwisho wake anakwenda kasi ya kilomita 21 kwa saa. Kasi yote hiyo ikikatishwa na mkanda mmoja tumboni, viungo vya ndani na uti wa mgongo ndivyo vinavyobeba mshtuko. Mtu anaweza kukunjika katikati, kushindwa kupumua akiwa ananing'inia, au kuchomoka kabisa. Kamba za katani za enzi hizo nazo hazikuwa na mvutiko wa kupunguza nguvu hiyo.

Suluhisho lilikuja kwa vipande. Nailoni, iliyogunduliwa na Wallace Carothers katika maabara za DuPont mwaka 1935, ilileta kamba zinazovutika bila kukatika. Hanesi ya mwili mzima, yenye mikanda ya mabegani na mapajani kama ya askari wa parachuti, iliusambaza mshtuko kwenye sehemu za mwili zinazoweza kuuvumilia. Kisha kikaongezwa kifyonza mshtuko: mkanda uliokunjwa na kushonwa, ambao nyuzi zake hukatika moja baada ya nyingine mtu anapoanguka, zikila nguvu ya anguko.

Juu ya boriti ya juu kabisa

Sheria ya kitaifa ya usalama kazini nchini Marekani ilitiwa saini na Rais Richard Nixon tarehe 29 Desemba 1970, na wakala wa kuisimamia, OSHA, ukaanza kazi Aprili 1971. Kanuni za awali za ujenzi zilitaka kamba ya uokozi ifungwe juu ya mahali fundi anapofanyia kazi, kwenye kitu kinachoweza kubeba paundi 5,400, yaani karibu kilo 2,450.

Kwa anayesafisha madirisha, sharti hilo halina shida. Kwa aliyesimama kwenye boriti ya juu kabisa ya jengo ambalo bado linapanda, juu yake kuna mawingu tu. Alichoweza kufanya ni kuizungushia boriti mkanda wa kitambaa kigumu, kuufungua kila anaposogea na kuufunga tena. Au zilivutwa kamba za waya kutoka nguzo hadi nguzo, ingawa aliyetangulia kuzivuta alikuwa hajafungwa. Wengi waliona bora kutembea hivihivi.

Kishikizo cha kuteleza ndicho kilichovunja mkwamo huo, kwa sababu kiliifanya boriti iliyo chini ya miguu ya fundi kuwa pa kujifungia, na hakikumtaka asimame kila hatua. Kilipata soko katika miaka ambayo kanuni zilikuwa zinakazwa. Kanuni za mwaka 1994 zilitaka mahali pa kujifungia pastahimili paundi 5,000 kwa kila fundi, karibu kilo 2,270, au pawe na nguvu mara mbili ya mshtuko unaotarajiwa chini ya usimamizi wa mtaalamu. Kuanzia tarehe 1 Januari 1998, mkanda wa kiunoni ulipigwa marufuku kama kifaa cha kumdaka anayeanguka.

Mafundi wa boriti waliwekewa kanuni zao baada ya majadiliano marefu kati ya serikali, waajiri na chama cha wafanyakazi. Zilitangazwa Januari 2001 na kuanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Ubishi mkubwa ulihusu wale wanaopokea boriti kutoka kwenye kreni na kuziunganisha. Hoja yao haikutoka hewani: boriti inayobembea ikija vibaya, fundi aliyefungwa hana pa kukimbilia. Mwafaka ukawa kwamba kati ya futi 15 na 30, yaani mita 4.6 hadi 9.1, wapewe vifaa na waachiwe uamuzi wa kujifunga. Zaidi ya hapo, kila mtu afungwe.

Kanuni hizo ziligusa hata karakana zinazoandaa chuma. Vijiti vya chuma vinavyochomelewa juu ya boriti ili kushikamana na zege vilikatazwa kuwekwa kiwandani, kwa kuwa humkwaza anayetembea. Bila vijiti, kishikizo nacho hupata njia. Nguzo za ukingoni zikatakiwa zije na matundu tayari, yaliyo kati ya inchi 42 na 45 juu ya sakafu, ya kupitishia waya wa kinga. Usalama ukaanza kuchorwa kwenye ramani ya jengo.

Mipaka ya kishikizo

Kifaa hiki kina masharti yake. Hanesi hufungwa mgongoni, karibu mita 1.5 kutoka kwenye nyayo. Mwenye kamba ya mita 1.8 aliyejifunga usawa wa miguu huanguka mita 3.3 kabla kamba haijakaza, na kasi yake hufika karibu kilomita 29 kwa saa. Kifyonza mshtuko cha kawaida hakikukusudiwa anguko hilo, hivyo huhitajika kilichotengenezwa mahsusi, au kifaa kinachojivuta na kujifunga chenyewe. Chini pia lazima pawe na nafasi ya kutosha, la sivyo fundi atafika sakafuni kabla ya kudakwa. Kwenye nguzo kishikizo hakipiti. Ndiyo maana hanesi nyingi za kazi hii zina kamba mbili, moja ikifunguliwa nyingine inabaki imefungwa. Na aliyedakwa lazima ashushwe haraka, kwa sababu kuning'inia muda mrefu kunazuia damu kurudi kutoka miguuni.

Kanuni za Uingereza za kazi za juu za mwaka 2005 zinaweka mpangilio unaofaa kukumbukwa. Kwanza, epuka kabisa kupanda: unganisha chuma chini, kisha kiinuliwe na kreni. Ikishindikana, zuia kuanguka kwa jukwaa lenye kingo au mtambo wa kuinulia watu. Hanesi na kishikizo ni vya mwisho, pale ambapo hakuna njia nyingine.

Maghala na viwanda vinavyosimamishwa leo Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi vinatumia boriti za umbo hilohilo la H. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote zinamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake. Kumkabidhi fundi hanesi na kumpiga picha ameivaa ni sehemu ndogo ya wajibu huo. Mkaguzi anayejua kazi yake haulizi tu kama hanesi ipo. Hutazama ncha ya pili ya kamba imefungwa wapi, na nani aliyehesabu kwamba mahali hapo patambeba mtu.