Msitu wa Mchoraji

Katika jumba la sanaa la taifa mjini Washington imetundikwa picha ya msitu iliyochorwa na Mholanzi Jacob van Ruisdael yapata mwaka 1655. Mbele umelala mti mweupe uliovunjika, maji yanaporomoka juu ya mawe, na nyuma yake imesimama miti mikubwa yenye giza. Ukikaza macho utaona mwanamume na mwanamke, wadogo kama siafu, wakipita na kondoo wao. Mwanafunzi aionaye picha hii kwa mara ya kwanza huwa mwepesi wa kusema: kumbe Uholanzi ya kale ilikuwa nchi ya misitu na maporomoko! Hapo ndipo nakuomba, msomaji wangu, usite kidogo.

Uholanzi ni nchi tambarare. Ziwa la Beemster lilikaushwa mwaka 1612 likageuzwa mashamba, na misitu ilikuwa imepungua hata mbao za merikebu zikaletwa kutoka Norway na pwani za Baltiki. Mwaka 1648, Hispania ilipoukubali uhuru wa Waholanzi, watu wa Amsterdam walianza kujenga jumba la mji wao. Ardhi ilikuwa tope tupu, ikawabidi kushindilia magogo 13,659 yawe msingi. Fikiri basi: kizazi kile kilichoagiza magogo ng'ambo ndicho kilichonunua picha za misitu na kuzitundika sebuleni.

Kununua huko kulikuwa na sababu. Makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa yameondoa picha kutani, na mchoraji hakuwa tena na askofu wa kumlipa. Alichora kwanza, kisha akatafuta mnunuzi miongoni mwa wafanyabiashara na mafundi. Wengi wao walipenda kuona mto, ng'ombe, njia na miti. Hivyo mandhari, ambayo zamani ilikuwa pazia tu nyuma ya watakatifu, ikapata kuwa picha kamili.

Ruisdael alizaliwa Haarlem mwaka 1628 au 1629, katika jamaa ya wachoraji. Yapata mwaka 1650 alisafiri hadi Bentheim, ng'ambo ya mpaka wa Ujerumani, akaona vilima. Lakini maporomoko ya kaskazini ambayo baadaye aliyachora mara nyingi hakuyaona kwa macho yake. Aliyeyaona ni Allart van Everdingen, aliyesafiri Skandinavia mwaka 1644, na Ruisdael akajifunza kwa picha za mwenzake.

Je, tumwite mwongo? Mimi sithubutu. Gome la mti wake ni gome, na tawi lililokauka limekauka kweli. Mjuzi wa mimea aweza kukutajia mwaloni ni upi. Alichobuni ni mpango wa vitu. Ukienda Thimlich Ohinga, hapa hapa Migori, jiwe la ukuta haliwezi kukuambia jambo lisilokuwapo. Picha yaweza. Kwa hiyo mwanahistoria asimwite Ruisdael ashuhudie sura ya nchi yake. Na amwite ashuhudie kile ambacho watu wa miji ile walikitamani.

Mwanafunzi wake, Meindert Hobbema, alipata kazi ya kupima mapipa ya divai mjini Amsterdam mwaka 1668, na tangu hapo akachora kidogo. Hata hivyo mwaka 1689 aliichora njia iendayo kijiji cha Middelharnis, miti mirefu imejipanga pande mbili. Kijiji kipo hata leo. Shahidi huyu naweza kumwamini zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, alichora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950. Naye alijua vyema kwamba Yesu hakuzaliwa Murang'a. Lakini watu na vilima alivyochora ni vya pale pale, wala hakuazima vya Ulaya.

Nawe uliyeko Masara, kesho chukua kalamu ya risasi, uuchore mti ulio karibu na darasa lenu. Ukimaliza, andika pembeni yale uliyoyaona, na upande wa pili yale uliyoyaongeza.