Dharufi, Wala Si Chagizo

Jioni moja nilipokuwa nimekaa barazani kwangu Mwananyamala, mjukuu wa jirani yangu, kijana wa kidato cha pili, alinipa shikamoo, akanifunulia daftari lake la Kiingereza lililojaa wino mwekundu, na kunionyesha sentensi aliyoitunga bila shaka yoyote moyoni, "I like very much ugali", ambayo pambizoni mwake mwalimu alikuwa ameandika: "Chagizo limekaa vibaya."

"Babu," akaniuliza, "hili chagizo linamdai nani?"

Sikumcheka, kwani bibi yake huuza vitumbua kwa mkopo na neno kuchagiza hulisikia kila mwisho wa mwezi. Kuchagiza ni kumng'ang'ania mtu kwa maombi au madai hata akereke. Na mimi, niliyelijua neno hili kwa maana hiyo tangu utotoni, sijafahamu mpaka leo jinsi wataalamu walivyolitwaa, wakalivika kilemba cha sarufi, wakaliita kwalo fungu la maneno lisilodai chochote, linaloarifu tu namna, mahali au wakati wa tendo, na ambalo aghalabu ukiliondoa sentensi husimama vilevile. Kinachoondoka kimyakimya namna hiyo kimemchagiza nani? Kielezi sina ugomvi nacho, maana shina lake ni elea, na jambo humwelea mtu kama chombo kinavyoelea majini. Walakini kielezi ni jina la aina ya neno, ilhali hapa twatafuta jina la kazi.

Waliosoma chuoni Ajurrumiya, kile kijitabu cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, hawakosi kuukumbuka mlango wa dharfu ya wakati na dharfu ya mahali. Asili ya dharfu ni chombo cha kutilia kitu, na hata leo Mwarabu huiita bahasha kwa neno hilohilo: tendo hutiwa ndani ya jana, au ndani ya Tandika, kama barua. (Najua Waarabu wenyewe huitenga namna, wakaiita hali, nasi tuitie humohumo, chombo kina nafasi.) Ama umbo lake, ikiwa sarf ya Kiarabu imetupa sarufi, na harf imetupa herufi, dharf itupe nini kama si dharufi? Nayo dh yake ndiyo ileile ya adhuhuri na nadhifu, wala si mgeni wa kuulizwa atokako.

Hoja hii niliwahi kuifikisha mbele ya kamati moja, nisiyoitaja kwa kuwa baadhi ya wajumbe wake bado tunazikana, nikajibiwa, baada ya chai na sambusa, kwamba wanafunzi watalichanganya neno langu na "dhaifu". Kana kwamba mtoto wa Temeke, anayelitambua daladala la Mbagala lingali mbali, atashindwa na herufi mbili! Bwana mmoja, hodari wa kusahihisha istilahi za wenziwe, akaongeza: "Kwa hakika, lugha yetu haihitaji Kiarabu zaidi kwa wakati huu." Nikamhesabia maneno sita ya Kiarabu, hilo jina la Kiarabu lenyewe likiwamo. Hakufurahi, na kikao kikafungwa.

Mintarafu ya mahali pa kuiweka, hapana kisa kirefu: Kiswahili husema "napenda sana ugali", lakini Kiingereza hakiridhii dharufi ikae baina ya kitenzi na yambwa yake, basi ipelekwe mwisho, namna ikitangulia, mahali pakifuata, wakati ukifunga, japo wakati waweza pia kuhamia mwanzoni.

Kijana aliandika upya, "I like ugali very much", na kwa ushauri wangu akatia pambizoni neno dharufi kwa kalamu ya risasi. Jumatatu daftari lilirudi: sentensi imepata vema, na dharufi imekatwa kwa wino mwekundu.