Habari za Merikebu Liemba, na Jinsi Ilivyofufuliwa Ziwani

Katika kitabu hiki cha ukumbusho mtasoma habari za mapadre wa kwanza, na za masista, na za makanisa ya udongo yaliyogeuka kuwa ya matofali. Mimi nimeombwa kuandika habari za merikebu. Labda wengine watashangaa na kusema, Merikebu ina fungu gani katika sherehe ya jimbo? Tena mwandishi ni mtu wa Kidahwe, wala si wa ufukoni; sisi twakaa mahali njia ya Kasulu inapoachana na njia ya Uvinza, na ziwa hatulioni ila tumelifuata. Lakini siku moja, katika mafundisho ya Kipaimara, nilikuwa nikiwasimulia watoto habari ya Liemba, na kijana mmoja akasimama akaniuliza: “Mwalimu, mtu anayekizamisha chombo chake mwenyewe, kwa nini akipake mafuta kwanza?” Nilikuwa nimeisimulia habari ile mara nyingi, wala sikuwahi kujiuliza neno hilo. Basi haya ninayoyaandika ni jibu lake, nalo ni refu kuliko lile nililompa siku ile.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi ziwa letu lilivyo. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, na kina chake chafika meta 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake lipitalo kwa kina. Merikebu kubwa haiwezi kuliingia toka baharini, kwa kuwa hakuna mto unaopitika. Kwa hiyo kila chombo kikubwa cha chuma kilichopata kuelea hapa zamani kililetwa vipande vipande, kikaungwa ufukoni. Mapadre waliofika Ujiji mwaka 1879 walikuja kwa miguu toka pwani ya Bahari ya Hindi, na ziwani wakasafiri kwa mitumbwi na mashua. Wamisioni wa London nao walikuwa na merikebu ya moshi iliyoitwa Good News, maana yake Habari Njema; vipande vyake vilipitishwa njia ya Ziwa Nyasa, vikachukuliwa nchi kavu, ikashuliwa majini mwaka 1885. Haikuwa ya kanisa letu, lakini sioni sababu ya kuwanyima sifa wapagazi wake.

Sasa nije kwenye merikebu yenyewe. Iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, huko Ujerumani, katika karakana ya Meyer Werft. Walipokwisha kuiunda wakaifungua tena, wakavitia vipande vyake katika makasha yapatayo 5,000, wakayapakia Hamburg mpaka Dar es Salaam. Toka huko yakaja kwa gari la moshi, maana njia ya reli ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Wadachi, yaani Wajerumani, waliiita Graf von Götzen, kwa jina la mtu aliyekuwa gavana wao katika nchi hii toka 1901 hata 1906.

Pamoja na makasha walikuja mafundi watatu wa karakana ile, nao ni Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Hao ndio walioisimamia kazi. Lakini watu watatu hawawezi kuunga merikebu yenye urefu wa meta 71 na upana wa meta 10. Walifanya kazi pamoja nao mafundi wa Kihindi na Waafrika wengi. Vitabu vinavyowataja wale watatu kwa majina kwa kawaida huwaita hawa “wafanya kazi” tu, kisha hupita.

Nami nataka kukawia kidogo mahali hapa, kwa sababu kazi yao ilikuwa ya ustadi. Kwanza hulazwa mkuku, ndio uti wa mgongo wa chombo. Juu yake husimamishwa mataruma, ndizo mbavu. Kisha mbavu huvikwa mabamba ya chuma. Zamani zile mabamba hayakuungwa kwa moto wa umeme kama leo. Yaliungwa kwa ribiti, yaani misumari minene yenye kichwa. Ribiti hupashwa moto hata iwe nyekundu. Mmoja huitoa motoni kwa koleo, mwingine huipokea na kuitia katika tundu, wa tatu huizuia kwa ndani, wa nne huigonga kwa nyundo nje hata ifanye kichwa cha pili. Ipoapo hujikunyata, na kwa kujikunyata huyabana mabamba mawili hata maji yasipate njia. Mmoja akichelewa, ribiti hupoa kabla ya kugongwa, nayo yapasa kukatwa na kuanzwa upya. Haya hurudiwa kwa kila tundu, mamia kwa mamia, katika jua la Kigoma.

Kazi ilikuwa bado haijakwisha vita ilipoanza, mwezi wa Agosti 1914. Merikebu ikashuliwa tarehe 5 Februari 1915, na katikati ya mwaka ule ikaanza kusafiri. Iliyokusudiwa kuchukua abiria na mizigo ikachukua askari. Mzinga wa manowari Königsberg, iliyokuwa imekwisha katika delta ya Rufiji, ukaletwa ukafungwa juu yake. Basi kwa muda mfupi hapakuwa na chombo cha kushindana nayo katika ziwa lote.

Habari za vita yenyewe zimeandikwa na wengi, nami nitazipita upesi. Waingereza walileta mashua mbili za mbio, Mimi na Toutou, wakazikokota nchi kavu toka kusini ya Afrika. Wakaiteka Kingani siku ya pili ya Noeli 1915, wakaizamisha Hedwig von Wissmann mwezi wa Februari 1916. Wabelgiji wakaleta ndege za kutua majini, wakaitupia Kigoma mabomu. Majeshi yao yakashuka kutoka kaskazini, na Wadachi wakaona kwamba Kigoma haikaliki tena. Gustav Zimmer, mkubwa wao wa mambo ya ziwa, akaamuru merikebu izamishwe, isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Hapa ndipo swali la yule kijana linapoingia. Kazi ya kuizamisha ilipewa walewale walioiunda, Rüter na wenzake. Wangaliweza kuilipua kwa baruti. Wangaliweza pia kuipeleka mbele kidogo, mahali pasipo na mwisho, ikapotea kabisa. Hawakufanya hivyo. Waliifunika mitambo yake kwa mafuta mazito, tabaka nene, ili kutu isiile, wakaijaza mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaishusha polepole kusini ya Kigoma, mahali pasipozidi sana meta 20. Katika ziwa lenye kina cha meta 1,470, huko si kutupa. Ni kuweka akiba. Siku chache baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma.

Wengine husema kwamba walitumaini kushinda vita na kurudi kuichukua. Nakubali, haikosi hesabu hiyo ilikuwamo. Wala sitaki kuwafanya watakatifu. Vita ile ya Wazungu, ya pande zote mbili, iliwachukua watu wetu kwa nguvu kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara na kwa kuchoka, nao hawakuwa na ugomvi na mtu. Hata hivyo namtazama fundi aliyeipaka injini mafuta siku ile, adui akiwa karibu, na njia ya kukimbia ikizidi kuwa nyembamba. Angaliweza kupaka upesi na kwenda zake, nani angalimwuliza? Akapaka vizuri. Nimemjibu kijana yule kwamba mtu aliyekiunda kitu kwa mkono wake haupati wepesi wa kukiharibu, hata akiamriwa. Hakuridhika sana na jibu hilo, nami simlaumu.

Vita ilipokwisha, Wabelgiji walikuwa wa kwanza kuiinua, wakaileta Kigoma. Lakini mwaka 1920 dhoruba ikaipiga mahali ilipotiwa nanga, ikazama mara ya pili. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakaikabidhi Kigoma kwa Waingereza, na merikebu ilikuwa ingali chini. Mwezi wa Machi 1924 watu wa jeshi la majini la Waingereza wakaiinua tena. Walipoondoa tope na mchanga na kufuta mafuta yale, wakakuta boila na injini zingali zafaa kazi. Miaka karibu minane ilikuwa imepita tangu siku ya mafuta.

Matengenezo hayakuwa ya siku moja. Miaka mitatu ilipita katika kuisafisha, kuitengeneza na kuigeuza toka chombo cha vita kuwa chombo cha abiria na mizigo. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi, chini ya reli ya Tanganyika, nayo ikapewa jina jipya. Jina la gavana likaondoka, likaja jina la ziwa lenyewe. Maana Livingstone alipofika ncha ya kusini mwezi wa Aprili 1867 aliwasikia wenyeji wakiliita Liemba, akaliandika hivyo. Mimi nalipenda jina hilo kwa kuwa halikutoka kwa mtawala ye yote.

Tangu hapo imekwenda toka Kigoma hata Mpulungu, na kurudi. Mtu asiyepata kusafiri nayo hadhani jinsi ilivyokuwa. Vijiji vingi havikuwa na gati. Merikebu ilisimama mbali, ikapiga honi, mara nyingi usiku wa manane. Na mashua zikatoka gizani, kila moja ikishindana na mwenzake kufika ubavuni. Humo mlikuwa na magunia ya dagaa, na mihogo, na mikungu ya mawese, na kuku waliofungwa miguu, na bibi mzee akipandishwa kwa mikono na watu asiowajua. Mapadre, masista na makatekista walisafiri ndani yake kama watu wengine, wakalala juu ya mizigo kama watu wengine. Ilipita Karema, ambako Adrian Atiman, katekista na mganga, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto huko Sudani ya Magharibi, akafundishwa udaktari Malta, aliwahudumia wagonjwa hata alipofariki mwaka 1956. Sisi makatekista twamkumbuka kama baba yetu.

Niseme neno moja kando. Mwingereza C. S. Forester alitunga mwaka 1935 hadithi iitwayo The African Queen, nayo baadaye ikafanywa sinema; watu husema kwamba merikebu ya Wadachi iliyomo ni hii yetu. Hadithini yazamishwa na adui zake. Yapendeza kusomwa, lakini mwalimu asiifundishe kama historia. Habari ya kweli ni ya ajabu zaidi.

Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ikatolewa, ikatiwa ya dizeli. Na mwaka 1993 merikebu ikatengenezwa tena kwa msaada wa Denmark. Mwaka 1997 ilisaidia kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Kisha ikaja mwaka 2015. Mwezi wa Mei, Warundi makumi ya maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo mpakani, nyuma yake milima, mbele yake maji, na kipindupindu kikaingia kati yao. Liemba ikawafuata. Haikuweza kutia ufukoni. Walipelekwa kwa mashua, wakapandishwa, watu mia sita hivi kwa safari moja, wakaletwa Kigoma. Huko walipumzishwa katika uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawachukua mpaka Nyarugusu katika Kasulu, kwa njia hii yetu ipitayo Kidahwe. Hivyo hata sisi tusioliona ziwa tuliona wale waliotolewa humo. Watoto walikuwa wakitazama madirishani. Nami nilifikiri habari ya ribiti zilizogongwa miaka mia moja kamili kabla ya siku zile, kwa ajili ya vita, zikiwa bado zazuia maji yasiwafikie.

Mwaka 2018 merikebu ikaacha kusafiri kwa ajili ya uchakavu, na mwaka 2023 ukatiwa sahihi mkataba wa kuitengeneza upya. Kwa mara nyingine imekuwa kazi ya mafundi.

Kijana wangu aliniuliza swali la pili. Alitaka kujua majina ya wale waliogonga ribiti. Nilimwambia kwamba vitabu vimewaacha. Akasema, “Lakini, Mwalimu, walikuwa na wajukuu.” Neno hilo ni kweli. Kwa hiyo nawaomba ninyi wazee na walimu wa Ujiji, wa Gungu, wa Mwanga, wa Kidahwe na vijiji vyote vya ziwani: kama nyumbani mwenu lasimuliwa jina la babu aliyefanya kazi katika kuiunda merikebu ile mwaka 1914 na 1915, au katika kuitengeneza hata mwaka 1927, mpelekeeni katekista wa kigango chenu, pamoja na jina la kijiji chake na kazi aliyoifanya, liandikwe katika daftari ya parokia.