Mama kijana ni wa umri gani?

MAGAMBA ni kata iliyo juu ya mji wa Lushoto, kando ya msitu wa hifadhi wenye jina hilo hilo katika Milima ya Usambara. Siku za gulio, wanawake huteremka kutoka huko na matenga ya karoti na kabichi. Miongoni mwao wamo waliobeba watoto mgongoni ambao, ukiwatazama usoni, ni vigumu kujua kama mtoto ni wao au ni mdogo wao.

Je, ni umri gani unaomfanya mwanamke aitwe mama kijana? Swali linaonekana jepesi, lakini halina jibu moja. Hospitali ina hesabu yake, mahakama ina yake, shule ina yake na jamii nayo ina yake. Hesabu itakayotumika ndiyo itakayoamua kama msichana atalindwa kama mtoto, ataachwa kama mke wa mtu, au atasahauliwa kabisa.

Neno lenyewe

Kiswahili hakimwiti mzazi wa aina hii "mama mdogo", kwa kuwa huyo ni mdogo wake mama, hata akiwa na miaka 50. Ndiyo maana maofisa na waandishi wamezoea kusema "mama kijana".

Hata hivyo, neno "kijana" nalo ni pana. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtaja kijana kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35, ilhali Umoja wa Mataifa huhesabu miaka 15 hadi 24. Kwa kipimo cha sera hiyo, mwanamke wa miaka 34 mwenye watoto wanne bado ni mama kijana. Kwa sababu hiyo, wanaotaka kutaja tatizo lenyewe husema "mimba za utotoni", yaani mimba za walio chini ya miaka 18.

Hesabu ya afya

Tuchukue mfano wa msichana wa Magamba mwenye miaka 16 aliye mjamzito. Akifika kliniki, atahesabiwa katika kundi la hatari. Shirika la Afya Duniani huwaweka pamoja wajawazito wote wa miaka 10 hadi 19, kwa sababu hupatwa zaidi na kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Watoto wao nao huzaliwa njiti au na uzito mdogo mara nyingi zaidi.

Kwa walio wadogo zaidi, nyonga huwa hazijakomaa. Uchungu ukidumu muda mrefu bila msaada, mtoto anaweza kufariki na mama akabaki na fistula. Katika vijiji vya milimani, ambako mvua hugeuza barabara kuwa utelezi, kuchelewa kufika hospitali ni jambo la kuogopwa.

Takwimu za taifa hutumia kipimo kinachokaribiana na hicho. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Katika utafiti wa mwaka 2022, kiwango hicho kilikuwa asilimia 22. Msomaji azingatie kwamba hesabu hiyo inawajumuisha wenye miaka 18 na 19, ambao kisheria ni watu wazima, na haiwagusi kabisa wa miaka 13 na 14.

Hesabu ya sheria

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hesabu hiyo, msichana wetu wa miaka 16 ni mtoto anayetarajia mtoto.

Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Mwezi Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo ni kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Kwa majirani zetu, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 zote zilitaja miaka 18.

Aidha, mahakamani umri hauchukuliwi hivi hivi, bali huthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa au kwa ushahidi wa mzazi, ndugu au daktari. Familia isiyo na cheti, na inayotaka mambo yamalizwe nyumbani, inaweza kumwongezea binti miaka miwili kwa sentensi moja tu.

Hesabu ya shule

Shule haihesabu miaka, inahesabu uanafunzi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Mwanafunzi wa miaka 19 yumo ndani ya ulinzi huo. Msichana wa miaka 15 aliyekwisha kuacha masomo hayumo, ingawa Kanuni ya Adhabu inaweza kumlinda kwa umri wake.

Kwa upande mwingine, kwa miaka mingi mwanafunzi mwenye mimba alifukuzwa. Novemba 2021, Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwamo ujauzito, waruhusiwe kurejea. Hapo ndipo mama kijana alipoanza tena kuitwa mwanafunzi.

Hesabu ya jamii

Katika mila nyingi za Pwani na Tanga, utoto haukuhesabiwa kwa miaka bali kwa kuvunja ungo. Aliyevunja ungo na kufundwa alikuwa mwali, tayari kuolewa. Fikra hiyo haijafutika, nayo ndiyo huwafanya wazazi wengine wasione kosa ambalo sheria inaliona.

Wasomaji wa mijini nao wasidhani kuwa jambo hili ni la milimani tu. Wasichana wengi wa Lushoto hushuka Mombo na kupanda basi kwenda kufanya kazi za ndani Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Anapopata mimba, "dada" hurudishwa kwao kimya kimya. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na mfanyakazi wa ndani ni mfanyakazi.

Basi jibu ni lipi? Chini ya miaka 18, ni mtoto aliyezaa, na swali la kwanza ni nani aliyempa mimba. Akiwa na miaka 18 au 19, ni mtu mzima ambaye mwili wake bado unahitaji uangalizi wa pekee. Akiwa na miaka 20 hadi 24, hatari ya mwili hupungua, lakini elimu na kipato huenda vilikatika zamani. Kila utakaposoma takwimu za mama vijana, uliza kwanza wamehesabiwa kuanzia umri gani hadi umri gani. Wasioingia katika hesabu hiyo ndio aghalabu husahauliwa na misaada.