Hotirodi ya trekta la bustani

Hotirodi ya trekta la bustani ni chombo cha magurudumu manne kinachopatikana kwa kukata, kushusha na kuunda upya trekta dogo la kale la kukatia nyasi, ili lichukue umbo na mwendo wa magari ya Kimarekani yaitwayo hotirodi. Kazi hii hufanywa zaidi nchini Marekani, katika gereji za nyumbani, na watu wanaopenda vyuma vya kale kiasi cha kukesha navyo. Malighafi yake ni matrekta yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, yenye fremu ya chuma kizito, injini ya silinda moja na giaboksi iliyoungana na ekseli ya nyuma. Kinachoitofautisha hotirodi hii na trekta lililofufuliwa tu ni kimo. Tumbo la chombo husogezwa karibu na ardhi, na kila sentimita inayopunguzwa hapo hudai marekebisho kwenye usukani, injini, mkanda na mafuta.

Asili yake

Hotirodi zilianzia kusini mwa California. Katika miaka ya 1930 vijana walinunua kwa bei ndogo magari ya Ford yaliyokwisha kutumika, hasa Model T na Model A, wakayavua madigadi na kila kilichokuwa mzigo, wakayaongezea nguvu na kuyakimbiza juu ya maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Injini ya Ford ya V8 iliyotoka mwaka 1932 iliwapa nguvu nyingi kwa gharama waliyoimudu. Mwaka 1937 iliundwa Southern California Timing Association ili kuratibu mbio hizo, mwaka 1948 likaanza jarida la Hot Rod, na mwaka 1951 ikaanzishwa National Hot Rod Association.

Ufundi wa kushusha ulikuzwa pia na Wamarekani wenye asili ya Meksiko, ambao magari yao ya chini yalikusudiwa kwenda taratibu na kutazamwa. Kuanzia mwaka 1958 sheria ya California ilikataza gari kuwa na sehemu yoyote, mbali na magurudumu, iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre alijibu kwa kufunga pampu za haidroliki kwenye Chevrolet Corvette yake, hivyo akaweza kuinua gari barabarani na kulilaza linaposimama. Katazo hilo liliondolewa kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2024, lakini mstari wa rimu umebaki kuwa kipimo cha heshima kwa mafundi, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini.

Matrekta ya bustani yalienea baada ya Vita Vikuu vya Pili, familia nyingi zilipohamia viungani mwa miji na kupata nyasi za kukata. Wheel Horse ilianza mwaka 1946 huko South Bend, Indiana. International Harvester ilileta Cub Cadet mwaka 1960, na John Deere ikafuata mwaka 1963 na modeli ya 110 yenye nguvu farasi 7. Mengi ya matrekta hayo yalibeba injini za Kohler za mfululizo wa K, zenye silinda moja ya chuma cha kusubu. Yalijengwa kufanya kazi za shamba dogo: kulima, kusukuma theluji na kuvuta tela. Ndiyo maana fremu zake bado zipo, na zinastahimili kukatwa na kulehemiwa upya.

Hata umbo la matrekta hayo lilikuwa limekwisha kuelekea kwenye hotirodi. Pua ndefu na nyembamba mbele, magurudumu madogo mbele na makubwa nyuma, dereva ameketi karibu na ekseli ya nyuma: ndivyo hotirodi ya Model A inavyoonekana ikitazamwa kwa ubavu. Fundi hazushi umbo hilo. Huliona ndani ya trekta, kisha hulishusha.

Kuchagua trekta

Trekta linalofaa zaidi ni lile lililokwisha kupoteza kitu kikubwa, kama vile injini au meza ya visu vya kukatia nyasi, lakini fremu na giaboksi vikabaki vizima. Fremu hukaguliwa nyufa karibu na mashimo ya bolti za giaboksi na penye pini ya ekseli ya mbele. Giaboksi huzungushwa kwa mkono katika kila gia, na mafuta yake hutolewa. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia.

Aina ya upitishaji wa nguvu ni jambo la kuamuliwa kabla ya kununua. Matrekta yanayotumia mkanda, kama Wheel Horse nyingi, huongezwa mwendo kwa kubadili puli. Cub Cadet nyingi za kuanzia mwaka 1963 huunganisha injini na giaboksi kwa shafti, kwa hiyo njia hiyo haipo, na kurefusha fremu kunadai shafti mpya iliyonyooka sawasawa.

Kushusha

Hatua ya kwanza na rahisi ni matairi. Tairi la nyuma la kipenyo cha sentimita 58 likibadilishwa na la sentimita 46, ekseli hushuka kwa nusu ya tofauti, yaani sentimita 6. Zaidi ya hapo lazima fremu ikatwe. Nyuma, mafundi huikata mbele kidogo ya giaboksi, kisha hukiinua kipande cha nyuma na kukiunganisha kwa vipande vya wima, fremu ikawa na umbo la ngazi. Ngazi ya sentimita 10 hushusha tumbo kwa sentimita 10. Kila kona huongezewa pleti ya pembetatu, kwa sababu hapo ndipo uzito wa dereva unapokutana na msukumo wa magurudumu.

Mbele, ekseli ya trekta ni mhimili mmoja unaocheza juu ya pini iliyo katikati. Ili kushusha, bushi za kingipini, yaani pini za wima ambazo magurudumu hugeukia, hukatwa kutoka ncha za ekseli na kulehemiwa juu zaidi. Pini ya katikati haifai kulehemiwa ikakazwa kabisa. Chombo hiki hakina springi, na mchezo huo wa ekseli ndio unaoyaweka magurudumu yote manne ardhini palipo na bonde na mwinuko. Mafundi wazuri huuacha, ila huuwekea vizuizi usizidi.

Kabla ya lehemu ya mwisho, chombo huwekwa kwenye sakafu iliyosawazishwa kwa pima maji, na uzi hufungwa kutoka ukingo wa chini wa rimu ya mbele hadi ule wa nyuma. Hakuna kitu kinachopaswa kuning'inia chini ya uzi huo: si bolti ya giaboksi, si bomba la moshi, si kanyagio. Tairi likipasuka, chombo hulalia rimu na kuendelea kuongozwa. Kilichovuka uzi huo hugusa lami kwanza, na dereva hupoteza usukani.

Usukani

Matatizo mengi ya vyombo hivi hutokana na usukani kuachwa ulivyokuwa baada ya fremu kubadilika. Chombo kinapokata kona, gurudumu la ndani huzunguka duara dogo kuliko la nje, hivyo lazima ligeuke zaidi. Kanuni hii inajulikana kwa jina la Rudolph Ackermann, aliyeisajili Uingereza mwaka 1818. Kwa vitendo, mstari uliovutwa kutoka kila kingipini kupitia mwisho wa mkono wake wa usukani unapaswa kukutana na mwenzake katikati ya ekseli ya nyuma. Fremu ikirefushwa, mahali pa kukutania husogea, na mikono hiyo hupindwa upya. Anayehamisha tairodi, yaani fimbo inayounganisha mikono hiyo, kutoka nyuma ya ekseli hadi mbele yake, ili isiguse ardhi, hana budi kuielekeza mikono upande wa nje. Asipofanya hivyo kanuni hupinduka na magurudumu yatabururana kwenye kila kona.

Kingipini nazo hulazwa nyuma kwa juu, kwa kawaida nyuzi 5 hadi 7, ili magurudumu yajirudishe yenyewe kwenye mstari. Fremu iliyoinamishwa mbele kwa ajili ya mwonekano hula nyuzi hizo, kwa hiyo pembe hupimwa chombo kikiwa kimesimama juu ya matairi yake na dereva ameketi.

Injini, mkanda na mwendo

Mwinamo huo huo wa fremu huigusa injini. Kohler ya silinda moja haina pampu ya oili. Kijiko kilicho kwenye konrodi, yaani fimbo inayoshika pistoni, hurusha oili kutoka chini ya injini kila mzunguko. Injini ikiinama mno, kijiko hukosa oili na konrodi huungua. Kwa hiyo fremu inaweza kuinama, lakini injini huwekewa vipande vya chuma chini yake hadi isimame sawa. Tangi la mafuta nalo, likishushwa chini ya kabureta, mafuta hayatateremka yenyewe, na pampu ndogo huhitajika.

Mwendo huongezwa kwa puli. Chukua trekta linalokwenda kilomita 8 kwa saa katika gia ya juu, lenye matairi ya sentimita 58. Likiwekewa ya sentimita 46 mwendo hupungua hadi kilomita 6.3 hivi. Ikiwa puli ya injini ni ya sentimita 10 na ya giaboksi ni ya sentimita 20, kuzibadilishana nafasi hufanya giaboksi izunguke mara 4 zaidi, na chombo hufikia takribani kilomita 25 kwa saa bila injini kuguswa. Gharama yake ni msukumo wa magurudumu kushuka hadi robo, kwa hiyo chombo huondokea gia ya chini. Puli zote mbili lazima zikae kwenye mstari mmoja. Katika mengi ya matrekta haya kukaza na kulegeza mkanda ndiko klachi yenyewe, na mkanda unaokwenda upande hukatika.

Njia isiyofaa ni kuondoa kidhibiti mwendo cha injini. Injini hizi huwekewa kikomo cha mizunguko 3,600 kwa dakika, na flaiwili zake, yaani magurudumu mazito yanayotuliza mzunguko, ni za chuma cha kusubu. Flaiwili ikizidishiwa mzunguko inaweza kupasuka, na vipande vyake hupita kwenye bati la boneti kama karatasi. Wanaoshindana hubadili kwanza flaiwili na konrodi kwa za metali iliyochongwa kutoka kipande kimoja.

Breki

Breki ya trekta iliundwa kwa mwendo wa mtu atembeaye haraka. Chombo kikitoka kilomita 8 hadi 25 kwa saa, nishati ambayo breki inapaswa kuizima huongezeka karibu mara 10, kwa sababu hukua kwa mraba wa mwendo. Ukanda mdogo uliokuwa kwenye giaboksi hautoshi. Diski na kalipa ya pikipiki hufungwa kwenye ekseli ya nyuma, na hujaribiwa kabla puli hazijabadilishwa. Huongezwa pia kamba inayofungwa mkononi mwa dereva, ambayo akianguka huzima injini.

Bodi na rangi

Boneti ya asili huhifadhiwa inapowezekana, maana ndiyo inayolitambulisha trekta. Kutu hutolewa kwa msasa au kwa umeme: chuma hulazwa ndani ya maji yenye magadi, kikaunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri, na chuma chakavu kikawekwa upande chanya. Chuma kisichoshika kutu hakitumiwi upande huo, kwa kuwa hutoa kemikali ya kromiamu yenye sumu, na kazi hufanyika nje kwa sababu gesi ya haidrojeni hutoka. Rangi za kale mara nyingi zina risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku katika rangi za matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Vumbi lake halipaswi kuvutwa puani wala kufagiliwa mahali watoto wanapocheza.

Wengine hupaka rangi inayong'aa na ndimi za moto. Wengine huacha rangi iliyochakaa na kuifunika kwa vanishi isiyo na rangi, ili alama za miaka ya kazi zibaki.

Hadhi na matumizi

Hotirodi hizi huonyeshwa kwenye mikusanyiko ya magari ya kale na kuendeshwa kwenye viwanja binafsi. Zina undugu na mbio za mashine za kukatia nyasi, zilizoanza kuratibiwa Uingereza mwaka 1973 katika kijiji cha Wisborough Green; katika mbio hizo kuondoa visu ni sharti la kwanza. Sharti hilo linafaa kufuatwa hata na mtu asiyeshindana na yeyote.

Matrekta ya enzi ile hayatengenezwi tena, na kila fremu inayokatwa hairudi. Lililo kamili, lenye injini na vifaa vyake vya asili, linastahili kufufuliwa jinsi lilivyotoka kiwandani. Msumeno na uwekwe kwa yale yaliyokwisha kupoteza nusu ya mwili, ambayo yangeishia kwenye chuma chakavu. Hayo ndiyo yanayopewa maisha ya pili.